Namna ya kufunga kikao vizuri, kisiendelee barabarani (mwongozo kamili)

Nianze na kitu nilikiona mwenyewe huku Bukavu, mashariki ya Kongo, upande wa Kadutu. Mutualite yetu (kikundi cha kusaidiana na feza) ilikuwa na watu ishirini na wawili, wengi bamama wa soko, tulikuwa tunakutana siku ya yenga (jumapili) kisha misa, kwa nyumba ya mama mmoja memba. Siku ile mvua ikaanza kujionyesha upande wa ziwa, mmoja akasimama, wa pili akasimama, bamama wakafunga watoto mugongo, prezida akasema "bon, tutaonana", na watu wakashuka mulima mbio. Hakuna mutu alisema kikao kimefungwa. Wakabakia watano wanangoja mvua ipite, na kwa kungoja wakaendelea kuongea, na katika ile kuongea wakakubaliana kumukopesha mwenzetu mmoja dola 200 ya sanduku. Nia yao ilikuwa safi, yule ndugu alikuwa na mgonjwa hospitali. Lakini siku ya yenga iliyofuata kumi na saba wakasema "shiye hatukuwako", watano wakajibu "kikao kilikuwa kingali", na hakuna aliyeweza kuonyesha kilikwisha saa ngapi, juu mimi sekretere sikuandika saa. Ile mutualite ilivunjika mbele ya mwaka kwisha, na wengine mpaka leo hawasalimiane.

Tangu siku ile kufunga kikao nakuchukua kwa uzito sana. Ni kuweka mpaka: mbele ya saa fulani tunaweza kuamua kwa jina la wote, kisha ile saa hakuna tena, hata kama prezida na trezorie wamebakia wawili wanakunywa chai. Nitakuonyesha vile nafanya, ukuwe kwa AVEC (kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana), kwa mutualite, kwa komite ya wazazi ya masomo, kwa ASBL (shirika lisilotafuta faida), ao hata kwa baraza la jamaa munapozungumza mahari, kwa sababu popote kuko feza ao jina la watu wengine unahitaji huo mpaka.

Ujue kwanza unataka kufanya nini

Kuko mambo matatu watu wanachanganya. Kusimamisha kikao ni kupumzika: dakika kumi, watu wanatoka inje, wanarudi, na kikao kingali kile kile na liste ya presansi ile ile. Kuahirisha ni kupeleka jambo moja, ao kikao kizima, kwa siku ingine, na siku hiyo, saa na fasi vinatajwa mbele watu hawajasimama. Ukisema "hii tutaiangalia siku moja" hujaahirisha kitu, umekitupa. Kufunga ni kumaliza kabisa, na mukitaka kuamua tena itabidi mualike watu upya. Kwa kifaransa cha PV zetu (ile ripoti ya kikao inayoandikwa), seansi inasimamishwa ao "inainuliwa", maana yake inafungwa, na ukiandika moja mahali pa ingine utaleta shida siku mutu anabishana juu ya uamuzi, kwa hiyo sekretere amuulize prezida wazi kabisa: papa, tunasimamisha ao tunafunga?

Kufunga kunaanzia kwa mwaliko

Kwenye mwaliko andika saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Huku kwetu giza inaingia karibu saa kumi na mbili ya magaribi mwaka muzima, na mama anayekaa Panzi ao Bagira hawezi kungoja mpaka saa ya mwisho juu moto (pikipiki ya kubeba watu) inapanda bei na barabara haiko salama. Kikao cha saa nane kikwishe saa kumi na moja. Kisha kwenye ajenda, chini kabisa, weka mistari mitatu: kusoma maamuzi, tarehe ya kikao kinachofuata, kufunga. Ipe dakika kumi na tano. Ukiona ajenda yote ina pointi tisa na hakuna hata moja ya kufunga, ujue tayari kwamba watu wataondoka moja moja.

Tena angalia reglema yenu ya ndani inasema nini: nani anafunga kama prezida hayuko, watu wangapi wanahitajika ili uamuzi ukamate. Soma hiyo nyumbani, siyo wakati watu wanapiga kelele.

Nusu saa mbele ya mwisho

Mutu mmoja akuwe na kazi ya kuangalia saa, na asiwe prezida, juu prezida anaongoza mazungumzo na atasahau. Saa ikifika anainua mukono: "Mama prezida, tumebakisha nusu saa." Hapo prezida anaangalia pointi zilizobaki na kwa kila moja anachagua mbele ya wote. Kama ni ndogo, tunaimaliza, kila mutu dakika mbili. Kama ni kubwa, tunaiahirisha na tarehe. Kama inahitaji mutu aende kuuliza bei ao kuona mwenye nyumba, tunaipa watu wawili ao watatu, na tunasema wazi wanaenda kufanya nini, wanaweza kutumia feza ngapi (mara nyingi sifuri) na wanaleta jibu siku gani.

Usikubali kupitisha pointi tatu kwa dakika tano juu watu wamechoka. Uamuzi wa watu waliochoka unarudi kila kikao.

Diveri, mahali vikao vinaharibikia

Nitakaa hapa kidogo. Mwisho wa ajenda zetu zote kuko neno "diveri", maana yake mambo mengine mbalimbali, na kila mutu ameweka kitu chake hapo: kuna kilio kwa fulani, kuna harusi, kuna mutu anataka kusema vile alivyotukanwa mwaka jana, na katikati ya hayo yote mmoja anasimama na kusema "tena nilikuwa nawaza tununue viti hamsini", watu wamechoka, wanapiga makofi, na viti vimenunuliwa. Wale ambao hawakukuja siku hiyo walisoma mwaliko, wakaona hakuna jambo la feza, wakaenda kwenye shuguli zao. Unawafanyia vibaya.

Kanuni ambayo ningependa kila kikundi ikamate ni hii: kwa diveri tunapashana habari, hatuamue feza, hatuchague viongozi, hatufukuze mutu. Kama wazo ni zuri, linaingia ajenda ya kikao kinachofuata, na linakuwa la kwanza. Hii siyo kitu nilitunga peke yangu. Sheria ya makampuni ya OHADA (umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara), ambayo Kongo yetu iliingia mwaka 2012, inasema kwa makampuni ya hisa kwamba mkutano mkuu hauwezi kuamua jambo ambalo haliko kwenye ajenda, isipokuwa mambo machache sana kama kuondoa viongozi. Kama watu wa makampuni makubwa wamefungwa hivyo, sanduku ya bamama wa soko ya Nyawera inastahili ulinzi ule ule.

Na mzee akianza kuongea na hamalizi? Usimukate kama mutoto. Ngoja apumue, kisha: "Aksanti papa, hilo neno lako lina uzito, tunataka tulisikilize na akili tulivu, sekretere aandike likuwe pointi ya kwanza siku ya yenga inayokuja." Kisha uandike kweli, mbele yake, akuone na bic mukononi. Mara nyingi anakaa chini na furaha, juu kile alikuwa anatafuta ni kuona neno lake limeshikwa.

Soma maamuzi kwa sauti

Kama utafanya kitu kimoja tu katika mwongozo huu, fanya hiki. Mbele ya kufunga, sekretere anasimama na anasoma kila uamuzi wa siku hiyo, hasomi mazungumzo, anasoma maamuzi peke. Kila uamuzi na vitu vinne: ni nini, nani atafanya, mpaka tarehe gani, na feza gani kama kuko. Kwa mufano:

"Uamuzi wa kwanza. Tunatengeneza paa ya darasa la tatu. Papa wa komite anayehusika na majengo ataleta bei kutoka kwa mafundi wawili. Mpaka tarehe 14. Hakuna feza inatoka leo."

Kisha anauliza: "Njo vile tulisema?" na anangoja. Angoja kweli, ahesabu mpaka tano ndani ya roho. Hapo njo utaona mikono inainuka: hapana, tulisema mafundi watatu, hapana, si yeye, ni mama fulani. Ni vizuri sana isikike pale pale, wakati wote wangali wanakumbuka, kuliko kusikia mwezi unaofuata wakati kila mutu amekwisha kujenga kumbukumbu yake. Mutu ambaye jina lake limetajwa ajibu kwa mdomo wake "ndiyo, nimekubali". Usimupe kazi mutu ambaye hayuko. Hiyo tunaifanyaka sana, tunamubebesha mzigo yule ambaye hakukuja, na kikao kinachofuata anakuja anasema hakuna aliyemwambia, na ana haki.

Lugha nayo iangaliwe. Sisi wengi tunaongea Kiswahili kikao kizima kisha tunaandika PV kwa kifaransa, na kuko bamama ambao hawajui kile kimeandikwa juu yao. Andika kwa kifaransa kama ofisi inaomba hivyo, lakini soma kwa Kiswahili mbele ya kufunga, na kama kuko wazee wanaosikia Mashi, luga ya huku kwetu, vizuri zaidi, mmoja awatafsirie. Inachukua dakika tatu.

Kama kuko feza, ihesabiwe mbele ya kufunga

Watu wa AVEC wanajua hii kuliko sisi wa mutualite za zamani. Ile njia ilianzia Niger mwaka 1991, CARE ikifanya kazi na wanawake wa vijijini, na imetembea Afrika nzima mpaka huku Kivu kwa sababu kanuni zake ni za macho na masikio: hata asiyejua kusoma anaweza kuzilinda. Sanduku lina kufuli tatu, funguo tatu ziko kwa memba watatu ambao hawako katika komite. Mwisho wa kikao wahesabu feza wawili wanahesabu mbele ya wote, feza za mikopo mbali, za mufuko wa msaada mbali, wanatamka jumla kwa sauti, na memba wanaambiwa waikamate kwa kichwa, juu kikao kinachofuata kitaanza kwa kuwauliza: tulifunga na ngapi? Vitabu vya memba vinarudi ndani ya sanduku, kufuli zinafungwa, funguo zinaondoka kwa mikono mitatu.

Hata kama kikundi chenu hakina kufuli tatu, chukueni hiyo tabia ya kutamka jumla kabla ya kufunga. Na trezorie asihesabu peke yake wakati wengine wanasalimiana kwa mulango. Hata kama ni mwaminifu kabisa unamuacha bila shahidi.

Pendekezo, kuunga mukono, kura

Sasa tumefika kwenye kufunga kwenyewe, na hapa ni haraka. Prezida anauliza: "Kuko mutu ana neno la mwisho linalohusu ajenda?" Ananyamaza kidogo. Kama hakuna, memba mmoja anasema "napendekeza tufunge kikao", mwengine anasema "naunga mukono", prezida anauliza kama kuko anayekataa, na kama hakuna, imekwisha. Kwa vikundi vidogo prezida anaweza kuuliza tu "tufunge?" na wote wakikubali inatosha, hakuna haja ya kura.

Kwa mikutano mikubwa, ambapo watu wanaweza kubishana hata juu ya kufunga, ni vizuri kujua kanuni ambazo mhandisi mmoja wa jeshi la Marekani, Henry Martyn Robert, alizitoa mwaka 1876 na ambazo vyama vingi duniani vinafuata mpaka leo. Kwake pendekezo la kufunga linahitaji mutu wa pili aliunge, kwa kawaida halijadiliwi, linapigiwa kura pale pale, na linapita kwa wingi wa kura. Kutojadili ni akili kubwa: ukiruhusu watu wajadili kama tufunge ao tusifunge, mutaongeza saa nzima. Tena kwa kanuni hizo prezida hafungi kikao kwa mapenzi yake wakati kazi ingali na watu wanataka kuendelea, isipokuwa kuko hatari kama moto ao fujo.

Maneno ya kutamka

Prezida asimame. Watu wakae. Aseme polepole:

"Bandugu, ajenda yetu imekwisha, maamuzi yamesomwa na mumeyakubali, feza imehesabiwa. Tutakutana tena siku ya yenga tarehe 28, saa nane, fasi hii hii. Saa ni kumi na moja na robo. Kikao kimefungwa. Aksanti kwa wote."

Sekretere anaandika ile saa wakati inatamkwa, si nyumbani. Kwa mkutano mkuu wa ASBL ongeza watu wangapi walikuwako na kama akidi (hesabu ya watu inayohitajika ili uamuzi ukamate) ilitimia mpaka mwisho. Kwa baraza la jamaa juu ya mahari msemaji wa upande mmoja arudilie kile kimekubaliwa, msemaji wa upande mwengine aseme "vile njo vile", kisha mkubwa wa nyumba iliyopokea wageni afunge, juu mgeni hafungi nyumba ya mwenzake.

Maombi je? Kwetu karibu kila kikao kinakwisha na maombi na ni vizuri. Mimi naomba prezida atamke kufunga kwanza, halafu tusali. Nimeona mara nyingi tunasali, tunasema amina, watu wanaanza kutoka, na prezida anakumbuka "ah, tena kulikuwa…" na robo ya watu iko tayari barabarani. Wengine wanapenda maombi yatangulie, sawa, lakini basi kisha amina pasikuwe neno lingine isipokuwa lile la kufunga.

PV

Mstari wa mwisho wa PV kwa kifaransa ni huu, na unaweza kuukopi: *L'ordre du jour étant épuisé et plus personne ne demandant la parole, la séance est levée à 17h15.* Chini yake prezida na sekretere wanatia sinyature, na liste ya presansi inaambatana. Usiache mistari mitupu kati ya uamuzi wa mwisho na sinyature, piga laini ya kukata, mutu asiongeze kitu kisha. Ukikosea neno, kata kwa laini moja linaloonekana, weka parafu (sinyature fupi) pembeni, usitumie ile rangi nyeupe ya kufuta.

Jaribu sinyature zitiwe siku ile ile. Kama haiwezekani, uamuzi peke yake uandikwe kwa mkono kwenye ukurasa mmoja na utiwe sinyature, PV ndefu itafuata. ASBL zetu zinaongozwa na sheria n° 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, na siku munabadilisha viongozi ao wenye sinyature kwa banki, karatasi ya kwanza mutaulizwa ni PV. PV isiyo na saa ya kufunga wala sinyature inawarudisha nyumbani na tiketi ya moto bure.

Siku mambo yameharibika

Ugomvi ukilipuka, usifunge. Simamisha dakika kumi, watu wapate maji, wenye hasira watenganishwe, kisha mrudi angalau mukubaliane tarehe. Ukifunga katikati ya kelele kila upande utaenda kuitisha kikao chake.

Prezida akikasirika na kuondoka, kikao hakijafungwa. Makamu anashika kiti, sekretere anaandika saa prezida aliyotoka, na munaendelea ao munafunga kwa njia ya kawaida.

Watu wakipungua mpaka akidi ikavunjika, simama hapo hapo na maamuzi. Kile kinachobaki halali, kwa kanuni za Robert, ni vitu vichache: kupumzika, kutafuta walioondoka warudi, kupanga tarehe ya kuendelea, na kufunga. Andika walikuwa wangapi na saa ngapi.

Mvua, ao umeme wa SNEL umekatika na mumebaki na tochi za simu: prezida anatamka kwa sentensi moja, "kikao kimeahirishwa mpaka siku fulani, saa fulani, pointi ya tano na ya sita zinabaki, hakuna anayeweza kuamua kitu mbele ya hapo." Inachukua nusu dakika. Hiyo nusu dakika ingetutosha sisi siku ile ya Kadutu.

Na kikao cha WhatsApp, juu siku hizi diaspora na wale wa Goma wanataka kushiriki. Chenyewe hakina mulango, kwa hiyo hakifungike peke yake. Fanya hivi: tangaza mwanzo na mwisho, saa ya mwisho ikifika andika ujumbe mmoja wenye maamuzi yote, omba kila mutu ajibu "nimekubali" ao "nakataa" mpaka saa fulani, kisha admin abadilishe setingi ili admin peke waandike kwa muda. Wengine watakasirika kwamba umewafunga mdomo. Waeleze mapema, kwenye mwaliko, na ufungue grupu tena kesho yake asubui kwa mazungumzo ya kawaida, salamu, picha za watoto, yote. Ule ujumbe wa maamuzi unakopiwa mzima kwenye kaye ya PV, na tarehe, na saa ulitumwa, na hesabu ya waliokubali na waliokataa, kisha kaye inaingia sandukuni kabla kufuli hazijafungwa siku ya yenga inayofuata.